Uzi: Vita vya mezani hapa Lubumbashi, na swali la nani anabeba mzigo

Kichuguu (Kamalondo, Lubumbashi)

Jambo yenu bandugu. Mwezi huu watu watatu wameniuliza ninafanya nini kila Jumapili mchana barazani, nimeinama juu ya ubao wenye vilima vya udongo na watu wadogo, warefu kama ukucha wa kidole gumba. Nimeona niandike mara moja kwa urefu. Anayetaka kuingia aingie akijua, na anayejua kunipita anisahihishe.

Mchezo ni huu. Mnakuwa wawili au zaidi, kila mmoja na jeshi lake la vijisanamu. Sisi tunaviita figurini. Umezipaka rangi mwenyewe, moja moja. Meza ndiyo nchi: ina mto, kijiji, pori, njia. Si kama dama, hapa hakuna miraba. Ukisema askari wako wanakwenda sentimita 15, unatandaza mita ya fundi cherehani na kila mtu anaona kama wamefika nyuma ya kichuguu au wamebaki peupe. Risasi inaamuliwa kwa dadu. Kanuni zimeandikwa kabla, na zikileta ubishi tunasimama, tunasoma, tunaendelea.

Si jambo la jana. Maofisa wa Prussia, dola ya Wajerumani ya zamani, walifunzwa kwa mchezo wa namna hii tangu 1824, pale ofisa wao Reisswitz alipotoa kanuni zake. Figurini zinazojulikana sana leo, za majitu na askari wa anga za mbali, zinatoka Nottingham, Uingereza, kwa kampuni iliyotoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983. Mimi pia nilianzia huko. Mtoto wa mjomba, anayekwenda Afrika Kusini kuleta nguo, aliniletea kisanduku kilichokwisha kufunguliwa, ndani mna askari 11 wa plastiki bado wameshikana na fremu yao. Niliwatoa kwa kisu cha kukatia karatasi, usiku, kwa mwanga wa simu, maana umeme ulikuwa umekwenda. Nilipompaka wa kwanza macho ndipo nilipojua sitaacha.

Lakini kununua ni kazi. Hakuna mzigo unaoletwa hadi mlangoni kwako hapa. Kila kitu kinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya begi la mtu, na kisanduku cha figurini 10 kinapita bei ya mfuko wa unga wa kilo 25. Nilijiuliza: kwa nini niumie hivi kwa ajili ya vita vya sayari za watu, wakati nina vita ambavyo treni yake ilipita hapa hapa mjini?

Ndiyo, hapa. Vita Kuu ya kwanza, upande wa Tanganyika. Aprili 1916 jeshi la koloni ya Wabelgiji hapa Kongo, Force Publique, lilivuka kwenda nchi iliyokuwa ya Wajerumani, brigedi mbili, ya kaskazini chini ya Molitor na ya kusini chini ya Olsen. Mei wakaingia Kigali. Mwisho wa Julai, Kigoma. Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Jenerali wao, Tombeur, alikuwa amefanya kazi ya utawala huku kwetu Katanga kabla ya vita. Hivyo ndivyo ninavyovicheza sasa kwa mwaka wa nne, kwa figurini za milimita 15, ambazo ni sawa na kupunguza dunia mara 100. Hesabu rahisi: mita 1 ni sentimita 1.

Ulizeni.

Mdogo_wa_Katuba

Yaya Kichuguu, shikamoo. Nimeona picha zako. Rangi unazitoa wapi? Mimi nilijaribu kwa rangi ya kuchorea mabango, ikawa nzito hadi sura ikapotea. Pia nikipaka ngozi ya askari inatoka kama mtu aliyelala kwenye majivu.

Kichuguu

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili na la pili ndilo kubwa, nitalikalia.

La kwanza: rangi yoyote ya maji ya akriliki inafaa, hata hiyo ya mabango, mradi uipunguze maji. Iwe kama maziwa, si kama uji. Safu ya kwanza itaonekana haijafunika kitu. Iache ikauke, paka ya pili. Safu 3 nyembamba zinaacha kila kifungo cha shati mahali pake, safu 1 nzito inafukia vyote. Kabla ya yote unaweka rangi ya msingi, nyeusi isiyong'aa. Mimi nawapelekea wanaopuliza rangi za magari. Nawapanga figurini juu ya ubao, fundi akimaliza mlango wa taksi ananipulizia na wao.

Sasa ngozi. Maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na watu wanaopaka ngozi nyeupe. Wanasema: ukitaka sehemu ya juu ya shavu ionekane imepigwa na jua, ongeza nyeupe kidogo. Kwa ngozi yetu hiyo ndiyo inayoleta majivu. Usiongeze nyeupe hata tone. Anza na kahawia iliyokolea, tia nyekundu kidogo. Kwenye kivuli, chini ya kidevu na nyuma ya sikio, changanya hiyo hiyo na buluu ya giza, si nyeusi. Kwenye paji la uso, pua na juu ya mashavu, ongeza rangi ya chungwa. Chungwa, mdogo wangu! Itakutisha ukiiona kwenye kisosi, lakini ikikauka juu ya kahawia inakuwa joto la jua. Na usiwapake wote rangi moja. Kaa dakika 10 kwenye kituo cha basi uangalie watu, uone kahawia ngapi zinapita. Mimi nachanganya vikopo 4 na kila askari wanne wanne wanapata chao.

Sare: miaka ya mwanzo ya vita utawakuta wengi katika buluu, kofia ya fezi nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni. Kaki iliingia kidogo kidogo. Mimi nimewachanganya makusudi ndani ya kikosi kimoja, maana jeshi lililo safarini halibadilishi nguo siku moja.

Udongo wa chini ya miguu nautoa kwenye kichuguu, ndiyo sababu ya jina langu. Unaujua udongo wa vichuguu vyetu hivi virefu kuliko nyumba, tunaofyatulia matofali. Upondeponde, uchuje kwa kichungio cha chai, umwagie juu ya gundi nyeupe. Hakuna rangi ya dukani inayofanana na hiyo.

Na miti. Hapa niruhusuni nijivunie, kwa sababu jambo hili sikulisoma popote, nililiona kwa dirisha. Tabora ilichukuliwa Septemba. Pori la huko, Unyamwezi, ni la miti ya miombo, na sisi hapa tumezungukwa na miombo hiyo hiyo. Miombo mwezi wa Septemba hufanyaje? Inatoa majani mapya kabla mvua haijanyesha, na majani hayo si ya kijani, ni mekundu, mengine kama shaba iliyosuguliwa. Nilikuwa nimetengeneza miti 30 ya kijani, mizuri sana. Niliipaka upya yote. Sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwakatwa, ikachovywa kwenye rangi ya matofali, ikabandikwa juu ya vijiti vilivyopinda. Meza ilibadilika ikawa mahali ninapopajua.

Onyo moja: usipulize vanishi masika. Januari nilipuliza siku ya unyevu na askari 24 wakafunikwa ukungu mweupe, kazi ya miezi miwili. Safu nyingine ya vanishi ya kung'aa, siku ya jua kali, iliwarudisha wengi. Sita hawakurudi. Tangu hapo vanishi yangu ni kati ya Juni na Septemba tu.

Ndugu_wa_Kadutu (Bukavu)

Nimesoma yote hadi mwisho, na naheshimu mikono yako. Lakini niseme kilicho moyoni. Mimi niko Bukavu. Huku bunduki si figurini. Mtoto wangu wa miaka 7 anajua kutofautisha mlio wa risasi ya mbali na ya karibu. Nikimwekea mezani askari wadogo tucheze, nitakuwa ninamfundisha nini? Sikuulizi kwa ugomvi. Nataka kujua wewe ulijibuje swali hili ndani yako, maana sisi wote ni nchi moja.

Kichuguu

Ndugu yangu, pole kwa yanayowapata. Asante kwa kuuliza bila kunifunga mdomo.

Kwanza nikueleze tulivyokubaliana mezani kwangu. Hatuchezi vita ambavyo mtu aliye hai anaviota usiku. Vita vya Katanga kujitenga, 1960 hadi 1963, hatuvigusi, kuna wazee hapa Kamalondo waliolala chini ya vitanda miaka hiyo. Vya mashariki hatuvigusi kabisa. Mgeni alileta figurini za kisasa na gari lenye bunduki nyuma, tukamwambia kwa upole azirudishe kwenye begi.

Lakini jibu lenyewe lilinijia kutoka kwa jirani yangu, na sikulitafuta.

Ni muzee wa miaka themanini na kitu, alifanya kazi kwenye reli hadi alipostaafu. Siku moja alisimama kwenye ukingo wa baraza akituangalia. Nilikuwa na kikosi cha askari 40 wa Force Publique wanatoka Kigoma kwenda Tabora, wamepangwa vizuri, bendera mbele. Alitazama meza kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akaniuliza: «Na mizigo? Inabebwa na nani?»

Nikamwambia, Papa, mizigo haimo kwenye mchezo.

Akasema: «Basi hawa watakufa njaa kabla hawajafika pale kwenye mto.» Akaweka kidole, sijui kwa makusudi au vipi, mahali hasa nilipokuwa nimepanga mapigano.

Halafu akavuta kiti akatuambia kwamba babu yake alichukuliwa kijijini kubeba. Si kupiga, kubeba. Alirudi baada ya miaka miwili na bega moja limeshuka, na hakuwahi kusimulia vita, alisimulia uzito. Alikuwa akiinua kitu chochote, jembe au mtoto, anasema hiki ni chepesi au ni kizito kuliko «kasha lile». Kasha gani, hawakujua hadi alipokufa.

Nilikwenda kusoma. Askari wa jeshi lile waliovuka walikuwa maelfu kumi na kitu. Wapagazi walioandikishwa Kongo kwa vita ile walipita laki mbili. Pimeni wenyewe. Mimi kwa miaka mitatu niliweka mezani kundi dogo nikaliacha kubwa. Barabara za magari hazikuwapo, ng'ombe na farasi waliuawa na ndorobo, kwa hiyo kila risasi iliyopigwa Tabora ilifika pale juu ya kichwa cha mtu. Na wengi waliokufa kati yao waliuawa na kuhara, homa na njaa, si risasi.

Nikaandika kanuni upya. Kila kikosi cha askari 8 lazima kiwe na kundi la wapagazi 3 ndani ya sentimita 20. Kikishapiga mara tatu, hakipigi tena bila mzigo mpya. Kikikosa wapagazi, kinarusha dadu mbili: jumla ikiwa 5 au chini, risasi zimekwisha. Na kila mwisho wa siku ya safari, kabla ya mapigano yoyote, unarusha dadu kwa kila kundi la wapagazi. Ikitoka 1, unaondoa mtu mmoja mezani. Hakuna adui aliyempiga. Unamwondoa tu.

Mara ya kwanza tulipocheza hivyo, mwenzangu aliondoa wapagazi 9 kabla hajaona adui hata mmoja. Alikuwa mtu wa kelele sana mezani. Siku hiyo alikuwa anawaweka pembeni mmoja mmoja, wamesimama, hakuwalaza kama tunavyolaza askari. Sikumuuliza kwa nini.

Hilo ndilo jibu langu, ndugu. Mwanao simwekei askari. Lakini mimi, mtu mzima, nilijifunza kwa mikono jambo ambalo masomoni sikulisikia hata mara moja.

Mama_Mwalimu (Kampemba)

Habari zenu. Mimi nafundisha hesabu, na ndiye niliyepiga kelele kuhusu zile dadu, kwa hiyo niwaeleze wageni kwa nini ni mbili.

Papa Kichuguu mwanzoni alitaka dadu moja: ikitoka 1 au 2, risasi zimekwisha. Hiyo ni nafasi 1 kati ya 3. Nikamwambia ni kali mno, tena dadu moja haina katikati, 1 na 6 zinatoka sawasawa. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 7 ina njia 6, jumla ya 2 ina njia 1 tu. Kutoka 2 hadi 5 ni njia 1 na 2 na 3 na 4, yaani 10. Basi kikosi kisicho na wapagazi kinakatikiwa na risasi mara 10 kati ya 36, zaidi kidogo ya robo.

Inaonekana ndogo. Lakini irudie. Kikosi kikilazimika kurusha mara 3 mfululizo bila mzigo, nafasi ya kubaki na risasi ni kama 38 kati ya 100. Ndiyo maana mchezaji mpya anapata ujasiri mara ya kwanza, anavuka mto bila wapagazi wake, na mara ya tatu amesimama katikati ya maji bunduki tupu. Wanafunzi wangu wanne huwa wanakuja Jumapili. Darasani hawakunielewa nilipozungumza juu ya matukio yanayojirudia. Mtoni wameelewa.

Papa, lile la moshi hujawaeleza.

Kichuguu

Ni kweli, Mama. Bunduki ya Albini waliyoanza nayo vita ilikuwa ya risasi moja moja, ya baruti nyeusi. Ukipiga, unafungua, unatoa ganda, unaweka nyingine, na mbele yako kuna wingu. Kwa hiyo kikosi kikipiga tunaweka kipande cha pamba mbele yake, na zamu inayofuata kinapiga kwa tabu hadi pamba iondolewe. Adui anauona moshi huo toka mbali. Vita ya pamba nyingi inakuwa nzuri kuiangalia na ngumu kuicheza.

Fundi_Ruashi

Mimi nipo kwenye hadithi hii na sijatajwa, basi nijitaje. Wapagazi wote wa mezani wametoka gereji kwangu.

Kichuguu alikuja na shida: wapagazi wa kununua walikuwa wachache na ghali, na wengi wamechongwa kama watumwa wa kwenye picha za zamani, wote sura moja. Akaniuliza kama tunaweza kusubu wetu. Watu wa hapa ukisema kusubu wanafikiri shaba, na kweli wazee wetu walisubu misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya machimbo. Lakini shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kwa figurini unataka bati, nyuzi 232, jiko la makala linatosha. Tunatumia waya wa kuchomelea redio, ule usio na risasi ndani, yaani yale madini yenye sumu, si ya bunduki. Narudia, usio na risasi. Ule wa zamani una risasi karibu nusu na mvuke na vumbi lake si vya kuchezea, hasa nyumba yenye watoto. Soma kibandiko kabla hujalipa.

Wa kwanza tulimjenga kwa waya mwembamba wa shaba kutoka nyaya za umeme, mifupa tu, tukamvika mastiki ile ya sehemu mbili unayoikanda kwa vidole. Una saa moja kabla haijakakamaa. Kichuguu alichonga mikunjo ya nguo kwa sindano ya kushonea viatu. Mama Mwalimu aliturudisha nyuma, alisema mtu mwenye mzigo kichwani shingo yake haiinami hivyo, inasimama, na macho yanatazama mbali. Akasimama akatuonyesha na ndoo. Tukabomoa kichwa tukaanza tena.

Kalibu ni silikoni nyekundu, ile tunayoweka kati ya vipande vya injini. Inavumilia joto la bati bila shida. Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Silikoni hiyo inakauka kwa unyevu wa hewani, ukimwaga nzito nje inakuwa ngozi na ndani inabaki uji unaonuka siki. Weka safu ya milimita 2 au 3, ngoja siku moja, weka nyingine. Nusu ya kwanza ya kalibu siku 5, kisha poda ya mtoto juu yake ili nusu ya pili isishikane nayo, siku 5 nyingine. Na kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji likikutana na bati la moto linarusha chuma usoni. Miwani, mikono mirefu, viatu. Mimi sina mchezo na hilo.

Wa kwanza kutoka hakuwa na mguu wa kushoto. Wa pili vilevile. Hewa ilikuwa inanaswa kwenye kisigino, bati haliingii. Tulikata njia nyembamba kama uzi kutoka kisigino hadi nje ya kalibu, hewa ikapata pa kutokea, na wa tatu alisimama kwa miguu miwili. Alikuwa bado moto, nikamshika kwa koleo nikampeleka juani. Mzigo ulikuwa kichwani, kidole gumba kimekunjwa juu ya kamba. Kijana wangu wa gereji aliacha gari la mteja akaja kuangalia.

Sasa tuna sura 5: mwenye kasha, mwenye mfuko wa unga, mwenye kikapu na sufuria, mama mwenye mtoto mgongoni, na mmoja aliyekaa chini.

Mdogo_wa_Katuba

Aliyekaa chini ni wa nini?

Fundi_Ruashi

Anawekwa mahali pa mpagazi aliyeondolewa dadu ilipotoka 1, Mama Mwalimu ndiye aliyeomba.

Ndugu_wa_Kadutu (Bukavu)

Nimerudi. Nimesoma mara mbili. Sitamwekea mwanangu, hapo sijabadilika. Lakini mimi mwenyewe ningekaa kwenye meza hiyo ya safari. Je, kuna mchezo ambao ni safari tu, bila kupigana mwishoni?

Kichuguu

Upo, ndugu, ndio ninaoujenga sasa, na umeniuliza siku njema.

Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika, na hawakuwa na mashua huko. Wakaleta mbili kutoka London kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi hapa kwetu, Elisabethville wakati huo, kisha hadi mwisho wa reli, Fungurume. Zilikuwa na urefu wa mita 12 kila moja. Majina yake Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa ni majina ya kitoto ya paka na mbwa, lakini jina la kwanza kila mtoto wa hapa analisoma kwa lugha yake.

Kutoka Fungurume hakukuwa na reli. Agosti wakazivuta nchi kavu juu ya milima ya Mitumba, kwa injini mbili za mvuke, ng'ombe na watu, wakikata njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Kisha reli ndogo hadi Bukama, kisha Lualaba, kisha reli nyingine kutoka Kabalo hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kubwa kuliko zote, Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai hiyo. Ikaja kuinuliwa, na ndiyo Liemba ambayo wasafiri wa Kigoma wanaijua.

Vitabu hukimbilia ziwani. Mimi nasimama Mitumba. Mchezo wangu unaanza Fungurume na kwisha mashua zikishuka upande wa pili wa milima. Hakuna adui. Wachezaji wote wako upande mmoja. Kila siku mnagawana watu: wangapi wanakata miti, wangapi wanajenga daraja, wangapi wanatafuta maji, maana injini ya mvuke inakunywa kuliko ng'ombe na hicho kilikuwa kiangazi. Dadu zinaleta mteremko, gurudumu lililovunjika, moto wa pori. Tumejaribu mara tatu, mara mbili mashua zilikwama juu na maji yakaisha.

Mashua kwa kipimo chetu ni sentimita 12 kila moja. Mimi imekwisha, nimeichonga kwa ubao wa kreti. Toutou bado haina mzinga.

Ndugu_wa_Kadutu (Bukavu)

Nitumie kanuni hizo. Tutajaribu watatu hapa nyumbani, kwa mawe na kamba badala ya figurini. Kilima tunacho.

Kichuguu

Nakutumia leo usiku umeme ukirudi, kurasa 6.

Fundi, jambo moja. Muzee alikuja asubuhi kabla sijatandaza meza. Aliomba kuwahesabu wapagazi, tukawahesabu pamoja, 43. Aliwageuza geuza mkononi hadi akamfikia yule mwenye kasha, wa kalibu ya kwanza, mwenye kovu kisigino pale tulipokata njia ya hewa. Aliniuliza lina uzito gani. Nikamwambia kasha la kweli sijui, hili ni gramu 3. Akamweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda zake.

Nisubie mmoja zaidi kabla ya Jumapili. Mwenye kasha.